Pumzi Kupitia Ukuta wa Jiko

Geti la mwanangu Duke lina kufuli kubwa kama ngumi, na ufunguo wake unakaa shingoni mwa mke wake, Celestine, kwenye uzi mweusi, ndani ya nguo. Mahali pazuri pa kuficha kitu ambacho baba mkwe hawezi kukitazama, sembuse kukichukua. Duke alipanga hivyo makusudi. Ni mtoto mwenye akili.

Simlaumu sana. Kabla ya kufuli nilikuwa nimeshatoroka na mkongojo wangu, na alipigiwa simu aje anichukue Sotik, nimekaa juu ya magunia ya viazi, dereva akidhani mimi ni babu wa mwenye lori. Njiani Duke aliniambia, "Baba, safari ijayo nitaitwa kuchukua maiti. Tafadhali." Siku iliyofuata alinunua kufuli.

Kilichonirudisha Itumbe ni nyonga. Nilianguka kutoka kwenye lori kule Malaba, nikawekwa chuma ndani, na chuma hicho hakikuwa na pengine pa kupelekwa isipokuwa nyumbani. Maisha yangu nimekaa mahali mpaka nijue jina la mbwa wa jirani, halafu naondoka. Hapa nilikuwa nimejua majina ya mbwa wote wa mlima huu na bado nipo. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: nipate nguvu ya mguu, nitoke kwenye geti lile kwa miguu yangu kabla mvua ya masika haijaharibu barabara. Kwenda wapi, usiniulize. Kwenda.

Nyumba yangu ya zamani ilianguka nikiwa mbali, na kwetu baba halali katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hata kuvuka sebule kwenda ndani hawezi. Kwa hiyo Duke aliniegemezea chumba kwenye jiko la nje: mabati pande tatu, na upande wa nne ni ukuta wa mbao wa jiko lenyewe. Celestine anapika upande ule, mimi nalala upande huu. Kati yetu kuna mbao na kuna desturi, na desturi ndiyo nene. Tunaiita chinsoni. Baba mkwe hamtazami mke wa mwanawe akiinama, hamgusi, haingii anapolala. Naye haingii ninapolala mimi. Chakula huniwekea kwenye kigoda nje ya mlango, hugonga bati, huondoka. Ndipo mimi hutoa mkono kama kobe anavyotoa kichwa.

Sasa, hapo ndani nilikuwa na kitu kimoja nilichokuja nacho kutoka Naivasha. Niliwahi kulinda kambi moja ya wageni huko, na palikuwa na kijana akifundisha yoga asubuhi, jina lake Jibril, mzaliwa wa Kisii mjini, watu wa duka la vitambaa. Tulijuana siku aliponisikia nikimtukana mbuzi kwa Kikisii, mbuzi anatafuna mikeka yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo, wageni wakiwa wachache aliniita, "Mzee Nyamongo, njoo ujaze nafasi."

Nilidhani yoga ni kujikunja kama chapati upigwe picha. Jibril akasema kuna za namna hiyo, lakini yake ni ya mtiririko, inaitwa vinyasa. "Hapa hukai kwenye umbo moja," alisema. "Pumzi inaondoka kwanza, mwili unaifuata. Ukivuta hewa unafunguka: mikono juu, kifua mbele. Ukiitoa unajikunja: unainama, unashuka. Pumzi moja, mwendo mmoja, halafu pumzi nyingine inaupokea. Ikikatika pumzi, umeshatoka kwenye yoga, hata kama mguu wako uko nyuma ya kisogo."

Na pumzi yenyewe haivutwi hivi hivi. Funga mdomo, halafu pumua kwa pua huku koo likiwa kama la mtu anayekipumulia kioo ili akifute. Inatoa sauti, sauti ya upepo kwenye migomba. Sauti hiyo ndiyo unayoifuata.

Basi kila alfajiri, Duke akishaondoka kwenda Marani kutafuta ndizi za kupeleka Kisii, mimi nilitandika gunia na blanketi, nikaanza. Nasimama. Navuta, mikono juu. Natoa, nainama. Navuta, naangalia mbele. Natoa, narudisha mguu mzima nyuma, halafu ule wa chuma, polepole, huku nikiutukana. Nashuka chini. Navuta, nainua kifua kama nyoka aliyesikia kitu. Natoa, nasukuma nyuma mpaka mwili unakuwa kama hema. Hapo napumua kidogo, kisha naanza kurudi juu. Mwisho wa yote unalala chali, mikono imeachwa, macho yamefungwa, husogei. Jibril alisema hiyo ya kulala kama maiti ndiyo ngumu kuliko zote. Mimi niliiona rahisi.

Iliniletea matata. Asubuhi moja Celestine alikuwa jikoni akiwasha moto, akasikia upande wangu mtu anapumua kwa nguvu, anapumua, anapumua, halafu kimya. Akagonga mbao, akaniita baba kwa lugha yetu.

"Tata?"

Sikujibu. Maiti haijibu.

"Tata! Unaumwa?"

Nikasikia sufuria imewekwa chini, miguu imekimbia mpaka mlangoni kwangu, ikakomea hapo hapo kama imefika mtoni. Hawezi kuingia.

"Tata, kama umekufa niambie nikaite watu!"

"Sijafa," nikasema. "Niko kwenye mazoezi."

"Mazoezi ya kufa?"

"Ya kupumua."

"Kwani ulikuwa hujui kupumua, Tata?"

Nilicheka peke yangu mle ndani, mara ya kwanza tangu kufuli. Nikadhani yameisha. Lakini kesho yake, nilipokuwa nimeinama, sauti ikaja kupitia mbao, ya chini, kama ya mtu anayeongea na moto.

"Tata, hiyo ya kupumua. Inasaidia kifua?"

"Kifua gani?"

"Changu. Nikibeba kikapu kwenda kituoni, pale kwenye mwinuko kinabana. Naona giza. Hospitali walipima wakasema hakuna ugonjwa, nipumzike." Akapuliza moto. "Nipumzike wapi, Tata? Majani hayajui kupumzika."

Nilijua kituo anachosema. Gari la majani chai linafika pale saa linayotaka lenyewe, na usipokuwepo na kikapu chako, majani yako yanalala kikapuni na kuharibika kwa joto. Wanawake wote wa mlima huu wanapanda ule mwinuko wakikimbia.

Mimi si mtakatifu. Nikasema, "Fungua geti, nami nitakufundisha."

"Siwezi. Duke ataniuliza."

"Basi."

"Basi," akasema naye, akaendelea kupika.

Tulikaa hivyo siku kadhaa, kila mtu na basi yake. Nilimsikia anapotoka na kikapu na nilimsikia anaporudi. Akirudi alikuwa anakaa kwenye kigoda cha jikoni, na pumzi yake ilikuwa fupi, juu juu, kama ya kuku aliyefukuzwa. Ukuta ule ulikuwa unaniletea kila kitu. Siku moja ilikuwa mbaya kuliko nyingine, nikagonga mbao mimi.

"Mama Kwamboka." Ndivyo namwita, kwa jina la mjukuu wangu. "Funga mdomo. Pumua na mimi. Toa kwanza. Toa yote, kama unamwaga maji ya sufuria. Sasa vuta, usiikimbilie."

Nikapumua kwa sauti, naye akanifuata. Mara ya kwanza tulipishana. Mara ya pili alinishika mkia. Baada ya muda pumzi zetu zilikuwa moja, na yule kuku wa kifuani mwake akatulia.

Kesho yake, kabla sijatandika gunia, akasema, "Tata, nifundishe yote. Nami nikiweza kupanda mpaka kituoni bila kupumzika, kuna siku moja nitasahau kufuli."

"Siku gani?"

"Nikikuambia, si kusahau tena."

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Nami nikaona kwamba sijawahi kupewa kazi ngumu namna hiyo. Simwoni, na sitakiwi kumwona. Kati ya mbao mbili kulikuwa na ufa wa kupitisha kidole. Nikachukua gunia la pili nikalitundika juu yake kwa misumari, upande wangu. Kila kitu ilibidi kiende kwa maneno, na maneno yenyewe yana chinsoni. Nitamwambiaje mke wa mwanangu ainue makalio? Mdomo wangu ungeoza. Kwa hiyo nilimjengea nyumba. Mikono ikawa nguzo za mbele, miguu nguzo za nyuma, kifua dirisha, na kile kingine kikawa paa.

"Toa pumzi, inama, nguzo za mbele zifike chini."

"Hazifiki, Tata."

"Kunja magoti. Sasa rudi nyuma mguu mmoja mmoja. Sukuma ardhi, inua paa."

"Paa ni... Ah. Nimeelewa."

"Usiniambie umeelewa nini!"

"Hata sijasema. Nimevaa trakisuti ya Duke, si gauni."

"Na umevaa nini pia usiniambie!"

"Pole, Tata." Nikasikia kwamba anacheka, na kucheka kukamvunjia pumzi, tukaanza upya.

Kosa lake nililijua kwa masikio. Viganja vyake vilipiga sakafu kabla pumzi haijafika katikati. Kila mara. Ni kosa la wachuma chai. Macho yako kwenye majani mawili na chipukizi, mikono miwili inashindana, na pumzi inakaa kando ikingoja zamu ambayo haiji. Mtu anachuma mstari mzima ameibana hewa kifuani na hajui. Yoga hii inataka kinyume: mkono usiende mpaka pumzi iutume.

"Umefika mapema mno," nilimwambia. "Hakuna gari linalokungoja hapo chini."

"Mikono inakwenda yenyewe."

"Basi anza kupumua, uiache imekaa. Pumzi ikishasafiri nusu, ndipo uishushe."

Akajaribu. Nikasikia sauti ya hewa, ndefu, halafu nyuma yake viganja vikigusa sakafu kwa upole, mwisho kabisa wa pumzi, pamoja. Niliketi pale pale na mguu wangu wa chuma. Sikuwahi kumfundisha mtu kitu katika maisha yangu. Kitu chote nilichokijua nilikidokoa huku na huku, kama mtu anayekula harusini bila kualikwa.

Siku zikaenda. Nyonga yangu ikaanza kunitii. Niliweza kushuka chini na kuinuka bila kushika bati. Naye alisema sasa anapumzika kwenye mwinuko mara moja tu, pale kwa mkaratusi, na hata hapo anasimama kwa mazoea. Jioni moja akagonga mbao, akasema, "Tata, leo nimepita mkaratusi." Nikajua siku ya kusahau kufuli haiko mbali. Mimi nilitoa fulana zangu mbili nikazikunja vizuri.

Kesho yake akaja Gladys.

Gladys ni jirani na ni shemasi wa kanisa lao la Sabato, mwanamke mwenye moyo mzuri na masikio mazuri zaidi. Alipitia kwenye mwanya wa ua wa migomba, ambao ni wa wanawake wanaoazimana vitu na mwanamume hapiti, akaja kuomba ungo. Akafika nyuma ya jiko. Na alichosikia ni sauti ya baba mkwe, nzito, ikisema, "Inama. Taratibu. Shuka chini kabisa. Toa pumzi. Hivyo hivyo. Tena." Na sauti ya mke wa mwana, akihema.

Hakuomba ungo. Hakusalimu. Celestine aliona kitambaa chake cha kichwa kikipotea kwenye migomba.

"Tata," akasema kupitia mbao, na pumzi ilikuwa imesharudi juu juu. "Gladys alikuwa hapa."

"Alisikia?"

"Alisikia."

Duke alirudi jua likiwa bado juu, na si kawaida yake. Alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu akasimama, mikono bado ina utomvu mweusi wa ndizi.

"Baba, habari za nyumba yangu nimeuziwa Marani. Nimezikuta sokoni kabla yangu. Mtu ameniambia huku anapakia mikungu, hata hakunitazama."

Nikamweleza. Nikamweleza vinyasa, nikamweleza kikapu, kifua, mwinuko. Alisikiliza mpaka mwisho. Duke husikiliza, amechukua kwa mama yake.

"Kwa nini hakuniambia mimi kuhusu kifua?"

"Muulize yeye."

"Nimemuuliza. Anasema aliniambia." Akafuta mikono kwenye suruali. "Wazee wanakuja Jumapili. Wakiona kuna kosa, atarudi kwao Nyamira, na watoto watabaki. Sitaki, Baba. Lakini siwezi kuishi hapa na watu wananicheka kwa nyuma."

Zilibaki siku tatu kufika Jumapili, na hakuna aliyegonga mbao. Chakula kililetwa na Kwamboka baada ya shule. Sikufanya mazoezi. Nilikaa nikisikiliza Celestine akipika, na nilisikia kwamba anaibana hewa hata akikoroga ugali.

Jumapili wazee wakaja, wakiongozwa na Jasper, binamu yangu, ambaye alinijua tukiwa tunachunga pamoja na hajanisamehe kwamba mimi nilikwenda na yeye akabaki. Walikaa kwenye viti vya sebuleni vilivyotolewa nje, chini ya ukingo wa bati. Wanawake walikaa upande wa jiko, Gladys mbele yao. Watu walikuwa wengi, na geti lilikuwa wazi. Ilikuwa mara ya kwanza nalitazama likiwa wazi kwa muda mrefu hivyo. Nje niliona barabara nyekundu, na gari la kiwanda likipanda na magunia yake ya majani.

Gladys alisema alichosikia, wala hakuongeza chumvi. Mimi nikasema ni mazoezi, yanatoka India, nimeyajulia Naivasha. Mzee mmoja akauliza kama ni dini. Nikamwambia Jibril aliyenifundisha alikuwa anaswali swala zake zote, kisha anakuja kwenye mkeka, na sikuwahi kuona vikigombana.

"Hapo ulimwambia inua paa," Jasper akasema. Celestine alikuwa amelazimika kueleza yote. "Paa ni nini?"

Nikatazama chini. "Paa la nyumba."

"Nyumba ipi?"

Mwanamke mmoja kule nyuma alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Basi tuonyeshwe," Jasper akasema. "Maneno hayatoshi. Mama Kwamboka afanye tuone."

Gladys ndiye aliyeinuka.

"Aonyeshwe nani? Nyinyi wote mliokaa hapo ni baba zake wakwe. Mnataka ainame mbele yenu?"

Wazee wakatazamana. Ilikuwa kweli. Katika ukoo mzima hapakuwa na mwanamume wa rika lile ambaye angeweza kuitazama ile kesi kwa macho yake. Jasper alijikuna shingo. Mwishowe ikaamuliwa hivi: wanawake waingie jikoni pamoja na Celestine, mlango ufungwe, mimi nirudi chumbani kwangu niseme kama ninavyosema siku zote, na wazee wageuze viti, waangalie mashamba ya chai.

Kwa hiyo nikaanza, mbele ya migongo ya wazee na nyuma ya mbao. "Simameni. Fungeni midomo."

"Hiyo peke yake itatushinda!" sauti ikasema ndani, wakacheka.

"Vuta pumzi, nguzo za mbele ziende juu. Pumzi kwanza. Toa, inama, nayo ikushushe."

Nikasikia mbao za ukuta zikilia kwa kusukumwa na watu wengi. Nikasikia pumzi, mwanzo kama soko, kila mtu na yake, kisha zikaanza kutafutana. Katikati yao nilimsikia Celestine, ya kwake ikiwa ndefu na imenyooka, na wale wengine wakaishika kama kamba.

"Rudi nyuma. Shuka. Vuta, fungua dirisha. Toa, inua paa."

"Paa langu lina mabati mazito," Gladys akasema. Halafu, "Sasa mimi nimefika huku chini. Nani ataniinua?"

Walicheka hadi nikashindwa kuendelea. Nilichungulia nje kwa mlango wangu. Wazee walikuwa wametazama chai kama walivyoagizwa, lakini mabega ya Jasper yalikuwa yanapanda na kushuka, taratibu, pamoja na sauti yangu. Hakujua.

Wanawake walipotoka, Gladys alikuwa anafuta jasho. Akasimama mbele ya wazee. "Ni mazoezi. Mimi ni shemasi, sitasema uongo: kifua changu kimefunguka. Niliyoyasikia nilisikia vibaya, na Celestine namwomba msamaha." Wakaanza kupumua watu, nami pia. "Lakini," akasema, "kuna ufa. Nimepitisha kidole. Mzee amefunika na gunia, na gunia liko upande wake. Linainuliwa na yeyote anayetaka kuliinua."

Hiyo ndiyo ilikuwa kesi sasa. Sauti haina macho, hata wazee walikubali. Ufa una macho. Na aliyekuwa upande ule wa gunia ni mtu mmoja.

Jasper aligeuza kiti chake kunielekea.

"Nyamongo. Hapa hakuna shahidi ila wewe, na neno la mzee tunalipokea lilivyo. Kama ulichungulia, mwana atatoa mbuzi, boma lisafishwe, na wewe utaondoka hapa leo hii. Hatutakufuata, hatutakuuliza unakwenda wapi. Mke atarudi kwao. Kama hukuchungulia, mke ni mke wa nyumba hii, na wewe ni baba wa nyumba hii, utakaa utunzwe. Lakini ujue: ukija ukatoka kwenye geti lile baada ya leo, watu watasema ulikimbia kosa, na kosa litabaki kichwani mwa mke wa mwanao. Ukikaa, umekaa."

Hakuna mtu aliyewahi kunipa barabara namna hiyo. Nimetoroka mabwana, nimetoroka madeni ya wengine, nimetoroka homa. Na sasa wazee wa ukoo wangu wananiambia niseme neno moja tu, niende na baraka zao. Nyonga ilikuwa tayari. Fulana zilikuwa zimekunjwa. Kutoka pale nilipokaa mpaka barabarani hata mkongojo usingehitajika. Ningesema ndiyo, na saa sita ningekuwa Keroka, nikitafuta lori linaloelekea popote.

Sikumtazama Celestine, hairuhusiwi, na sikuhitaji. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, nami nilisikiliza kama nilivyosikiliza miezi yote ile. Sikusikia kitu. Alikuwa ameibana. Ameibana yote, kama mtu aliye chini ya maji, na hakuna aliyekuwa anaona isipokuwa mimi nisiyeona.

"Sikuchungulia," nikasema.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Mke wa mwanangu nikimwona ameinama simjui. Namjua kwa pumzi tu."

"Unajua unachosema, Nyamongo?"

"Toa pumzi, Mama Kwamboka," nikasema, na nilisema nikiangalia chai.

Ikatoka. Watu wote waliisikia.

Duke alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema atanijengea nyumba kamili, kule juu ya shamba, mbali na jiko, yenye saruji chini na veranda ya kukaa. Alionyesha kwa kidole. Kutoka kule hutasikia hata mtu akipasua kuni.

"Na sisi tutafundishwa wapi?" Gladys akauliza.

"Nyinyi pumzi mnazo za kutosha," Jasper akamjibu, na watu wakacheka, wakaanza kurudisha viti ndani, chai ikaletwa, watoto wakaachiliwa wakimbie.

Mtu fulani alikuwa ameachia ng'ombe wake barabarani. Wawili walikuwa wameshaingiza vichwa getini, wanaitazama migomba ya Duke. Jasper ndiye aliyekuwa karibu. Aliweka kikombe chini, akawafukuza kwa mkono, akalisukuma geti mpaka likagota. Celestine akampa ufunguo mume wake, mume akampa Jasper. Kufuli lile ni zito. Ilibidi alishike kwa mikono yote miwili ili kulifunga.